MASIKA ZIWANI
Historia ya uvuvi wa majira katika ufuko wa kaskazini wa Ziwa Viktoria

Waswahili wa pwani wanaposema masika, wanazikusudia mvua kubwa za miezi ya Machi, Aprili na Mei, zinazonyesha wakati pepo za kaskazi zimekwisha na kusi inaanza kushika nguvu. Sisi tulio Kampala hatuna jahazi za kungojea pepo hizo, lakini mvua tunazo, na neno tumelipokea. Kwa mkulima wa Buganda, mwanzo wa masika ni wakati wa jembe. Kwa mvuvi wa ziwa letu ulikuwa, kwa karne nyingi, wakati wa kuwapokea samaki waliokuwa wakipanda mito. Habari za mkulima zimeandikwa sana vitabuni, bali za mvuvi hazikupata waandishi wengi. Katika makala haya tumekusudia kueleza majira hayo yalikuwaje, watu waliyatumiaje, na ni kitu gani kilichoyaharibu.

Yafaa kwanza tulitazame jambo lenyewe kwa mapana. Katika nchi za baridi, kama vile Finland na Kanada, maziwa huganda juu wakati wa kipupwe. Barafu inapoyeyuka, maji ya juu yaliyokuwa baridi mno hupata joto kidogo, huwa mazito, kisha huzama na kuchanganyika na yale ya chini. Samaki waliokaa kimya miezi mingi husogea kwenye maji machache, hasa palipo na jua na mahali ambapo mito inaingia ziwani. Wavuvi wa huko huzisubiri siku hizo kwa hamu, maana samaki aliyekuwa ametawanyika katika vilindi sasa anakuja mwenyewe karibu na nchi kavu.

Ziwa letu halipati kuganda. Mstari wa ikweta unapita juu yake, na joto la maji yake hubadilika kwa kiasi kidogo tu mwaka mzima. Kwa sababu hiyo wageni wengi wa zamani walidhani kwamba ziwa la namna hii halina majira. Dhana hiyo ilikuwa potofu. Mtaalamu J. F. Talling, aliyeyapima maji ya ziwa hili mwanzoni mwa miaka ya 1960, alionyesha kwamba nalo lina mwaka wake. Kuanzia Januari hadi Mei maji hugawanyika matabaka: ya juu yana joto na hewa ya kutosha, na ya chini, katika vilindi, hupungukiwa na hewa hata samaki asiweze kukaa. Ifikapo Juni na Julai, pepo kavu zitokazo kusini-mashariki huyapoza maji ya juu na kuyavuruga, matabaka yakavunjika, na ziwa lote likachanganyika. Kazi ambayo ng'ambo hufanywa na barafu, hapa hufanywa na upepo.

Basi masika huanza wakati ambapo ziwa bado limegawanyika, na vilindi havifai kwa samaki wengi. Wakati huo huo mito hufurika, ikaleta maji mekundu yenye udongo na vyakula vya kila aina, na nyasi za kingo zikafunikwa. Hapo ndipo samaki wanapovutwa kuelekea nchi kavu. Wazee wa ufukoni hawakuwa na vipimo vya hewa wala vya joto, lakini waliyajua matokeo yake: kwamba mvua za kwanza zikishika, mvuvi hana haja ya kwenda mbali. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, na kwa mvuvi mawingu yalikuwa pia dalili ya kitoweo.

Samaki wa majira hayo walikuwa wengi, lakini aliyetajika zaidi ni ningu. Huyu ni samaki wa ukoo wa wale wenye mdomo laini wa kukwangua mimea juu ya mawe, wala hana makuu kwa umbo. Maisha yake yalikuwa ya safari. Miezi ya ukavu aliishi ziwani, na mvua zilipoanza alikusanyika midomoni mwa mito, akingojea mafuriko. Maji yalipopanda, makundi makubwa yaliingia mtoni, yakapanda mwendo mrefu hadi kwenye nyasi zilizofunikwa na maji, yakataga mayai, kisha yakarudi. Watoto wao walishuka baadaye pamoja na maji yaliyopungua. Mto Kagera, unaomwaga maji yake ziwani upande wa Uganda karibu na mpaka wa Tanzania, ulikuwa na sifa kubwa kwa ningu. Vivyo hivyo Nzoia na mito mingine ya Kenya. Pamoja na ningu walipanda kuyu, nembe na aina kadhaa za domodomo. Kambare nao walitoka ziwani usiku wa mvua, wakaingia katika majani yaliyofurika, hata mtu aliweza kuwachoma kwa mkuki penye maji ya kufika magotini.

Vyombo vya kuvulia vilikuwa vya mikono na vya miti. Watu walijenga nyua za matete kukingama mto, wakaacha milango, na katika kila mlango wakatega mgono uliosukwa kwa fito. Wengine walitumia vikapu vya mkononi, mikuki, na mishipi yenye ndoana. Yafaa tutafakari tabia ya vyombo hivyo. Ua wa matete ulifaa maji yalipokuwa ya kiasi, lakini mafuriko makubwa yalipokuja, maji yaliupita juu au kuung'oa, na samaki wengi wakapita salama. Tena mgono haukuweza kumfuata samaki ziwani. Ulimngojea mtoni, kwa wiki chache tu za mwaka. Majira ndiyo yaliyompa mvuvi samaki wake, na majira hayo hayo ndiyo yaliyomwekea mpaka. Hii ndiyo nukta tunayotaka msomaji aishike, kwa sababu historia yote inayofuata inaning'inia juu yake.

Mpaka huo haukuwa wa maumbile peke yake. Waganda huliita ziwa hili Nalubaale, na katika itikadi yao ya jadi lilikuwa chini ya Mukasa, ambaye hekalu lake kuu lilikuwa katika kisiwa cha Bubembe, miongoni mwa visiwa vya Ssese. Mitumbwi ya kabaka ilisimamiwa na Gabunga, mkuu wa ukoo wa Mmamba. Hapa tunawaomba walimu wenzetu wawe waangalifu darasani. Mmamba wa Kiganda si mamba wa Kiswahili mwenye meno na magamba. Ni yule samaki avutaye hewa, ambaye Kiswahili cha kandokando ya ziwa humwita kamongo. Watu wa ukoo huo hawamli, kama vile watu wa ukoo wa Nkejje wasivyokula samaki mdogo wa jina hilo, ambaye upande wa Mwanza huitwa furu. Hatusemi kwamba miiko hii iliwekwa kwa kusudi la kuhifadhi samaki. Tunasema tu kwamba watu walioishi hivyo walizoea kufikiri kwamba si kila samaki ni wa kila mtu, wala si kila siku ni siku ya kuvua.

Karne ya 20 ilipoanza, pigo la kwanza halikuwa la wavu bali la maradhi. Malale yaliingia katika ufuko wa kaskazini, na inakadiriwa kwamba watu zaidi ya 200,000 walikufa katika miaka ya mwanzo ya karne hiyo. Kuanzia mwaka 1906 serikali ya Gavana Hesketh Bell, ambaye jina lake limebaki katika bandari yetu ya Port Bell, iliwahamisha watu kutoka ufukoni. Kufikia mwaka 1909 visiwa vya Ssese navyo vilikuwa vimehamwa. Miaka mingi ilipita kabla ya watu kuruhusiwa kurudi. Ni rahisi kuhesabu vibanda vilivyochomwa na mashamba yaliyogeuka msitu, ila hakuna hesabu ya maarifa ya ziwa yaliyozikwa pamoja na wazee waliokuwa nayo.

Pigo la pili lilikuja likiwa na sura ya maendeleo. Mwaka 1905 nyavu za kutega zilizofumwa kwa nyuzi za kitani zililetwa katika ghuba ya Kavirondo, ambayo sasa huitwa Winam, nchini Kenya. Wavu wa namna hii husimama majini kama ukuta usioonekana, ukamnasa samaki kwa mashavu yake. Kwa muda mfupi ulienea kandokando ya ziwa lote. Samaki aliyelengwa hasa alikuwa ngege, mtamu kuliko wote kwa watu wengi wa ziwani, na reli kutoka Mombasa hadi Kisumu ilikuwa imekwisha fungua soko. Mavuno yalikuwa makubwa ajabu, kisha yakaanza kupungua. Mwaka 1927 na 1928 mtaalamu Michael Graham alifanya uchunguzi wa ziwa zima. Taarifa yake ilishauri kwamba nyavu zenye matundu ya chini ya inchi 5 zipigwe marufuku, ili ngege wachanga wapate kupita. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 serikali za nchi tatu zilikubali shauri hilo na kulitia katika sheria.

Tuangalie kwa makini mabadiliko yaliyokuwa ndani ya sheria hiyo. Zamani kizuizi kilikuwa cha wakati: samaki alivuliwa masika yalipofika, baadaye akaachwa. Sasa kizuizi kikawa cha ukubwa wa tundu, na uvuvi ukawa wa mwaka mzima. Kwa ngege sheria ilikuwa na busara yake. Hata ningu, kwa kuwa mwili wake ni mwembamba kuliko wa ngege, alipata kinga bila ya kutajwa, maana alipita katika tundu la inchi 5 bila shida.

Kinga hiyo iliondolewa. Katika miaka ya 1950 nyavu za nailoni ziliingia, zikiwa imara na nyepesi kuliko za kitani, na mwaka 1956 Uganda na Tanganyika zilifuta sheria ya inchi 5. Kenya ikafuata baadaye. Wavuvi wakawa huru kutumia nyavu ndogo. Hapo elimu ya zamani ya majira ilitumiwa kwa namna mpya kabisa. Kila mtu alijua kwamba ningu hukusanyika midomoni mwa mito mvua zinapoanza. Badala ya kumngojea mtoni kwa migono, watu walitandaza nyavu za nailoni pale pale midomoni, wakawazuia samaki wenye mayai kabla hawajaingia mtoni kutaga. Mwaka 1959 mtaalamu P. J. Whitehead alichapisha maelezo marefu juu ya samaki wa ziwa hili wanaopanda mito. Kufikia mwaka 1965 maandishi ya kitaalamu yalikuwa tayari yakieleza kuanguka kwa uvuvi wa ningu. Ndani ya miaka michache, kazi iliyodumu vizazi visivyo na idadi ilikuwa imevunjika.

Ni desturi ya watu wengi siku hizi kumtwika sangara lawama ya kila samaki aliyepotea. Tarehe zenyewe zinapinga. Sangara alitiwa katika Ziwa Kyoga katikati ya miaka ya 1950, akaonekana Ziwa Viktoria upande wa Jinja mwaka 1960, na akapandikizwa rasmi huko Entebbe mwaka 1962 na 1963, ijapokuwa mtaalamu Geoffrey Fryer alikuwa ametoa onyo mwaka 1960. Hata hivyo alikaa karibu miaka 20 kabla ya kuenea ziwa zima, na ilikuwa katika miaka ya 1980 ndipo alipowamaliza nkejje kwa mamia ya aina. Ningu alikuwa amekwisha anguka zamani. Yeye aliangushwa na watu walioyajua majira yake vizuri mno, wakaacha kuuheshimu mpaka wake. Mtaka yote hukosa yote.

Je, kalenda ya kale imekufa kabisa? La. Ipo, ila imehamia kwa samaki mwingine. Tangu sangara alipotawala, samaki mdogo aitwaye mukene na Waganda, omena na Wakenya, na dagaa na Watanzania, amekuwa chakula cha watu wengi wasioweza kununua minofu inayosafirishwa ng'ambo. Mukene huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na siku hizi taa za umeme wa jua, na taa haina nguvu mbele ya mbalamwezi. Kwa hiyo wavuvi wake huhesabu siku za mwezi kama babu zao: mwezi ukiwa mpevu huanika nyavu na kupumzika, na giza likirudi huingia ziwani. Wadudu wa ziwani nao, wale wanaopanda juu ya maji kama moshi, hufuata mwezi. Wataalamu waliofanya kazi Jinja katika miaka ya 1950 walilithibitisha jambo hilo. Mwezi mpevu umebaki kuwa polisi asiyepokea hongo.

Na anayedhani kwamba majira ya maji yenyewe yamepoteza nguvu, na akumbuke yaliyotokea mwishoni mwa mwaka 2020 na mwanzoni mwa 2021. Sangara wakubwa walielea wamekufa katika fukwe nyingi za Uganda, na watu wakashuku sumu. Maelezo ya serikali yalikuwa kwamba hewa ilikuwa imepungua majini baada ya dhoruba kuyavuruga maji. Sangara huhitaji hewa nyingi kuliko kambare au kamongo, kwa hiyo hufa wa kwanza. Mambo kama hayo yalikwisha tokea upande wa Kenya mwaka 1984. Taka za miji na udongo wa mashamba, ambao maji yake hushuka ziwani kila mvua inyeshapo, huongeza shida hiyo. Sisi wa Kampala, ambao mifereji yetu humiminika katika ghuba ya Murchison mbele ya Port Bell na Ggaba, hatuwezi kujitoa katika hesabu hiyo.

Serikali hazikukaa kimya. Tarehe 30 Juni 1994 nchi tatu zilitia saini mapatano yaliyounda Shirika la Uvuvi la Ziwa Viktoria, ambalo makao yake yako Jinja. Mwaka 2017 Uganda ilipeleka wanajeshi ziwani kukamata nyavu haramu na mitumbwi mifupi. Wako wanaosema samaki waliongezeka. Wako pia wavuvi maskini walioziona mali zao zikiteketezwa, na malalamiko juu ya mateso yalifika hata Bungeni. Sheria ya vipimo ina tabia hiyo: humwangukia mwenye mtumbwi mdogo upesi kuliko mwenye fedha ya kununua mkubwa. Sheria ya wakati, kinyume chake, humzuia kila mtu siku zile zile. Kwa ajili hiyo tunalitazama kwa makini jambo lililofanywa katika Ziwa Tanganyika mwaka 2024, ambapo Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia zilikubaliana kusimamisha uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Kuna gharama ndani yake, maana mvuvi asiye na shamba atakula nini miezi mitatu? Swali hilo ni la haki, na linataka jibu kabla ya amri. Hata hivyo, msingi wa amri ile si mgeni. Ni mpaka wa majira, uliorudishwa kwa kalamu baada ya kuvunjwa kwa nailoni.

Sasa ni ipi kazi yetu sisi walimu wa Kiswahili? Wengi wetu tunafundisha watoto ambao wazazi wao wanauza samaki Ggaba au wanangojea mitumbwi Kasenyi. Watoto hao wanalijua jina la mputa, na wengi wanajua mukene. Ukiwatajia ningu, wachache watasema wamemwona, na wachache zaidi watakueleza kwa nini alipanda mto. Samaki akipungua, jina lake hukaa kitambo kidogo, kisha nalo huondoka, na pamoja nalo huondoka habari yote iliyofungwa ndani yake: mvua, mto, mgono, na wiki chache za kusubiri. Ningu bado hajatoweka kabisa, na hapa Uganda watafiti wamefaulu kumzalisha katika mabwawa. Kwa hiyo jina lake si la makumbusho.

Tunapendekeza kwamba kila shule iliyo karibu na ziwa iwatume wanafunzi wake kwa wazee wa ufukoni, waulize majina ya samaki kwa lugha ya nyumbani na kwa Kiswahili, na waandike kila samaki alivuliwa mwezi gani, kwa chombo gani, na aliachwa lini. Swali hilo la mwisho lisisahauliwe. Jawabu la lini alivuliwa lilikuwa mdomoni mwa kila mvuvi mwaka 1956, na halikumwokoa ningu.